Toleo Kuu Kabisa

Watu wa nchi jirani husema serikali yetu haijui kuamua mambo. Ni wivu tu. Sisi tunaamua sana, tunaamua mpaka jasho linatutoka, na siku tulipoamua habari ya kompyuta ya bwawa mimi nilikuwemo chumbani, kalamu mkononi. Kwa hiyo anayetaka kubisha abishane na mimi, Zakayo Shemndolwa, mwandishi wa hotuba katika Wizara ya Mitambo na Maendeleo ya Kasi, na Katibu wa Tume ya Taifa ya Kuchagua Toleo.

Nitaeleza kwa utulivu, ingawa utulivu wenyewe umenipungua tangu siku zile. Mpaka leo simu ikilia nashtuka. Nikisikia maji yanamwagika bombani nasimama kabla sijajua kwa nini nimesimama.

Bwawa letu linaitwa Bwawa la Heshima. Lina malango ya chuma. Malango yakifunguliwa, maji hushuka mtoni na ziwa lililo nyuma ya bwawa hupungua. Yakifungwa, ziwa hujaa. Ni jambo ambalo hata kuku analielewa. Kando ya ziwa hilo kuna kitongoji kinaitwa Magugu, na Magugu ndiko kwangu. Mke wangu Sabela na binti yetu Tulizo wanakaa huko, na mimi hupanga chumba mjini siku za kazi.

Zamani malango yalifunguliwa kwa hendeli: chuma kizito kilichopinda, watu wanakichomeka kwenye gurudumu la meno na kukizungusha mpaka lango linapanda. Ilikuwa aibu kubwa. Taifa linalokwenda kwa kasi haliwezi kuonekana linazungusha kitu mahali pamoja. Basi Mlezi wa Taifa, kiongozi wetu mkuu ambaye hatuna mwingine wala hatuombi, akaagiza malango yaunganishwe na kompyuta. Hendeli ikapelekwa Makumbusho ya Taifa, ikalazwa juu ya kitambaa chekundu chini ya kibao kilichoandikwa "Tulikotoka". Hotuba ya siku ile niliiandika mimi. Watu walilia, na Mlezi mwenyewe alipepesa macho.

Kompyuta ikafanya kazi vizuri kwa miaka. Halafu, masika yalipoanza, ikaandika kwenye kioo chake kwamba toleo lake la mfumo endeshi limefika mwisho, na kwamba malango hayatasogea mpaka lichaguliwe toleo jipya. Chini yake vikatokea vibonyezo vya kuchagulia: Toleo la Nyumbani, Toleo la Weledi, Toleo la Shirika na Toleo Kuu.

Meneja wa bwawa alikuwa peke yake chumbani, na kidole anacho. Katika nchi nyingine mtu angebonyeza akaenda zake kunywa chai. Lakini meneja wetu ni mtumishi aliyelelewa vizuri. Hajapata kuchagua kitu kabla mkubwa wake hajachagua, hata soda ya harusini. Akanyanyua simu akauliza wizarani.

*

Wizara yetu inaongozwa na Mheshimiwa Daktari Mhandisi Bakilana Mtolera. Udaktari alitunukiwa na chuo kimoja cha ng'ambo ambacho bado kinatafuta jengo. Uhandisi alijitunuku mwenyewe, kwa unyenyekevu, baada ya kurekebisha feni.

Aliposikia habari ya toleo aliunda tume siku hiyo hiyo. Nani aseme hatuna kasi? Mwenyekiti akawa Profesa Ndelilio, msomi mpole ambaye alikuwa na kasoro moja tu, nayo ni kwamba alikuwa amesoma kuhusu jambo lenyewe. Siku ya kwanza alisimama akaanza kueleza.

"Waheshimiwa, kompyuta bila mfumo endeshi ni sanduku. Mfumo ndio unaopanga nani afanye nini, nani asubiri, nani aingie. Sasa, Toleo la Nyumbani ni la picha za harusi na muziki. Haliwezi kuzungumza na malango. La Weledi linaweza lango moja. La Shirika linaweza malango yote. Toleo Kuu ni la Shirika lililoongezewa mapambo. Kwa hiyo bwawa linahitaji la Shirika. Nadhani tumemaliza."

Sambusa zilikuwa bado hazijaingia, na mtu anasema tumemaliza! Niliona mjumbe mmoja akimtazama Profesa kama mtu aliyeingia msikitini na viatu.

Waziri Mtolera alikohoa. "Profesa, tunakushukuru kwa maneno mazito. Ila nina swali dogo. Meneja wa bwawa ana cheo gani?"

"Cha chini, Mheshimiwa. Lakini sioni—"

"Na mimi hapa ofisini kwangu, kompyuta yangu ina toleo gani?"

Mtaalamu wa kompyuta akatumwa mbio kwenda kuangalia. Alirudi uso umemshuka, akanong'ona: "La Nyumbani, Mheshimiwa."

Hapo mambo yakawa wazi kwa kila mwenye adabu. Kwetu mdogo hanawi mikono kabla ya mkubwa. Hapokei kikombe kabla ya mkubwa. Mkubwa akiwa na kiti cha mbao, mdogo hukaa kwenye mkeka hata kama stoo imejaa viti. Sasa itakuwaje mtu wa bwawani, anayevaa kandambili kazini, awe na Toleo la Shirika, na Waziri wake awe na la picha za harusi?

"Ndugu zangu," alisema Waziri, na sauti yake ikashuka mpaka mahali anapoiweka kwa ajili ya misiba na bajeti, "mimi binafsi sina makuu. Ningeweza kuishi na la Nyumbani mpaka kaburini. Lakini cheo si mali yangu, ni mali ya wananchi. Ukikidharau cheo changu umemdharau mkulima, umemdharau mama ntilie, umemdharau mtoto ambaye hajazaliwa. Tunalijenga taifa hili kuanzia juu!"

Tulipiga makofi. Ikaamuliwa kwamba bwawa lipewe Toleo la Shirika mara tu wakubwa wote walio juu ya meneja watakapokuwa wamepata la Shirika au zaidi. Sambusa zikaingia.

Jioni Sabela alinipigia.

"Baba Tulizo, malango yanafunguliwa lini? Maji yameingia kwenye migomba."

"Tume imeanza kazi, mama. Tumepiga hatua kubwa."

"Hatua ya kuelekea wapi?"

Nikamwambia mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

*

Kwenda juu ni kazi kuliko mnavyodhani. Juu ya meneja kuna mkuu wa kitengo, juu yake mkurugenzi msaidizi, juu yake mkurugenzi, juu yake katibu mkuu. Mkuu wa kitengo alipopata la Shirika, mkurugenzi msaidizi akasema yeye hawezi kulingana na mtu anayemsalimia shikamoo. Akapewa Toleo Kuu. Basi mkurugenzi naye akataka Toleo Kuu, ila lenye kioo kipana. Habari zikavuka ukuta, zikafika wizara nyingine. Waziri wa Samaki, ambaye hana kompyuta wala haitaki kwa sababu ya macho, alituma ujumbe kwamba aletewe Toleo Kuu kwanza, kompyuta itafuata. Mkuu wa Magwaride alitaka toleo lenye nyota begani. Tulimweleza kwamba toleo halina bega. Akajibu kwamba hilo ni tatizo la tume.

Tulikutana kila siku, asubuhi na alasiri, na kila tulipokutana mvua ilikuwa inanyesha. Niliketi karibu na dirisha. Niliandika kumbukumbu za kikao huku goti langu likicheza lenyewe chini ya meza, na mara mbili Waziri aliuliza ni nani anayetikisa meza ya serikali.

Simu za Sabela zikawa fupi.

"Yamefika banda la kuku. Kuku nimewapandisha darini."

Siku nyingine: "Jiko la nje limekwenda. Napikia chumbani kwetu. Tulizo anakohoa moshi."

"Hamieni kwa dada yako basi."

"Na Bi. Kidawa nimwache na nani? Na mbuzi? Wewe Zakayo, hiyo kompyuta si ina vibonyezo? Mtu abonyeze!"

"Si rahisi hivyo, mke wangu. Kuna itifaki."

"Hiyo itifaki inajua kuogelea?"

Bi. Kidawa ni jirani yetu, mjane, nyumba yake iko chini kidogo ya yetu. Aliijenga kwa mikono yake baada ya mumewe kufa, tofali kwa tofali, akikataa msaada wa shemeji zake waliotaka kiwanja. Mtoto wetu alitembea mara ya kwanza kwenye ukumbi wa nyumba hiyo.

Kesho yake nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya katika utumishi wangu. Nilinyoosha mkono. "Mheshimiwa Waziri, Mheshimiwa Mwenyekiti, kule Magugu maji yameanza kuingia majumbani..."

Wajumbe walinigeukia kwa mshangao wa kweli, wa watu waliosikia kabati linaongea.

"Katibu," alisema Waziri kwa upole, "kazi ya katibu ni kuandika. Haya, andika kwamba katibu ametaka kusema."

Nikaandika. Profesa Ndelilio alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Siku mbili zile alikuwa ameahidiwa ubalozi.

*

Hatimaye kila mkubwa alikuwa na Toleo Kuu, na tume ikajikuta ukutani. Mlezi wa Taifa apewe nini? Juu ya Toleo Kuu hakuna toleo. Kumpa Mlezi kile alicho nacho Waziri wa Samaki ni uhaini, na kumnyang'anya Waziri wa Samaki ni vita.

Wajumbe walitembea huku na huku chumbani. Mmoja alipendekeza Mlezi apewe matoleo mawili. Mwingine akasema apewe yote, moja juu ya jingine, kama mashuka. Waziri alijifuta jasho. Nadhani ile ndiyo mara ya kwanza nilipomwona anaogopa, naye hakuwa anaogopa maji.

Tukamwita wakala anayeuza mfumo huo, bwana mmoja mwenye tai ya bluu na tabasamu lisilozimika. Alisikiliza, akainamisha kichwa, akasema kampuni yake ilikuwa tayari imeliona hitaji hilo.

"Tunalo Toleo Kuu Kabisa," alisema.

"Lina nini cha zaidi?" aliuliza Profesa.

"Kwanza, picha ya Mheshimiwa Mlezi inatokea kioo kizima kompyuta ikiwaka. Pili, wimbo wa taifa unapigwa."

"Na tatu?"

"Tatu, kompyuta haimwambii mtumiaji kwamba amekosea."

Waziri alisimama akamkumbatia. Wajumbe wawili walilengwa na machozi. Ilibaki kuchagua picha tu, na hilo lilichukua kikao kizima na nusu ya kingine: Mlezi na miwani, au bila miwani? Na miwani ataonekana mzee. Bila miwani ataonekana haoni. Ikapitishwa miwani aishike mkononi.

Simu yangu ilitetemeka mfukoni wakati tunapiga kura ya miwani. Nikatoka ukumbini. Kwanza sikusikia sauti ya mtu, nilisikia mvua tu na kelele za mbuzi.

"Nyumba ya Bi. Kidawa imelala," alisema Sabela.

"Imelala vipi?"

"Ukuta wa nyuma ulitangulia, halafu paa. Tulimtoa kwa dirisha. Amekaa hapa kwetu, hataki kubadili nguo, anauliza kibuyu chake cha mtama kiko wapi. Baba Tulizo, kwetu maji yako kizingitini. Naziba na magunia. Sasa niambie kweli, kama mume wangu na si kama serikali: malango yanafunguliwa lini?"

Niliegemea ukuta. Nilikuwa na maneno mengi tayari, maana maneno ndiyo kazi yangu, na yote yaliponijia mdomoni yalinuka. Nikasema sijui.

"Ahsante," alisema. "Hilo ndilo neno la kwanza la maana ulilolisema tangu masika."

Kisha akauliza: "Ile hendeli mliipeleka wapi?"

"Makumbusho ya Taifa."

"Mlango wake una kufuli?"

"Una kiingilio," nilisema. "Mtu analipa mlangoni. Ila sijasikia mtu aliyewahi kwenda."

*

Yaliyotokea Makumbusho niliyasikia baadaye. Mchana, mvua ikinyesha, wanawake wa Magugu walifika na mkokoteni. Walilipa kiingilio. Mtunza makumbusho, ambaye tangu aajiriwe hajapata kumwona mgeni, alifurahi mpaka akavaa koti. Aliwaeleza historia ya hendeli tangu chuma kilipochimbwa. Sabela akamwuliza kama wanaruhusiwa kuigusa. Akasema gusa, mama. Wakamwuliza kama wanaruhusiwa kuiinua. Akasema ni nzito, ngoja niwasaidie. Alisaidia mpaka mkokotenini. Wanasema aliwapungia mkono walipoondoka, na aliporudi ndani akakiona kitambaa chekundu kitupu ndipo alipoanza kufikiri.

Wakati huo sisi tulikuwa tumekwisha kuamua. Bwawa limepewa Toleo la Shirika! Lilikuwa limewekwa kwenye kompyuta tayari, lakini bila shaka lisingeweza kutumika kabla ya kuzinduliwa, na lisingeweza kuzinduliwa na mwingine ila Mlezi, ambaye alikuwa safarini akihutubia mkutano wa kimataifa kuhusu ukame. Tukangoja arudi. Waziri alisema haraka haraka haina baraka, nami nikaiandika.

Siku ya uzinduzi ilipofika, mvua ilikatika tangu asubuhi, nasi tukatangulia bwawani kuandaa. Jukwaa lilikuwa limejengwa, viti vimevikwa vitambaa, bendi ya tarumbeta imepangwa. Tuliposhuka magarini tulisikia ngurumo, na Waziri akatazama mawinguni.

Haikuwa radi. Malango yote yalikuwa wazi. Maji yalikuwa yakishuka mtoni kwa nguvu, meupe, yakiruka, na ziwa nyuma ya bwawa lilikuwa limekwisha kuacha mstari wa tope kwenye ukingo.

Nitasema ukweli. Nilitaka kuruka. Nikamtazama Waziri nione kama naye amefurahi, nikaona mtu aliyepauka.

"Nani amefungua?" alinong'ona.

Meneja wa bwawa alitokea na kandambili zake. "Wanawake, Mheshimiwa. Tangu jana. Wamekuja na hendeli. Niliwauliza wana kibali cha nani, wakaniambia nishike upande wa pili tuzungushe."

"Ukashika?"

"Walinikemea, Mheshimiwa."

"Mlezi yuko njiani!" Waziri alishika kichwa. "Amekatisha ziara. Amekuja kufungua malango. Atafungua nini? Atafungua nini, nyinyi watu?" Alizunguka pale pale mara kadhaa, kisha akasimama, na nikaona wazo likimwingia. "Yafungwe."

"Yafungwe?" aliuliza Profesa.

"Yafungwe sasa hivi, ili yafunguliwe rasmi!"

Nchi nyingine wangeliona hilo ni ajabu, lakini tume nzima ilitikisa kichwa kukubali. Mtaalamu akasema kompyuta haiwezi kufunga kwa kuwa haijazinduliwa. Basi ikabaki hendeli. Hendeli ilikuwa juu ya bwawa, na aliyeikalia alikuwa mke wangu.

"Katibu," alisema Waziri, "yule si mkeo? Nenda. Tumia lugha nzuri."

*

Nilipanda ngazi za bwawa nikiwa na viatu vyangu vya uzinduzi. Sabela alikuwa ameketi juu ya hendeli, amenyoosha miguu. Khanga yake ilikuwa na tope mpaka kiunoni. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka. Pembeni yake Bi. Kidawa alikuwa amejifunika gunia, anatazama maji yanavyokwenda.

"Karibu," Sabela alisema. "Umetumwa?"

"Nimetumwa."

"Na wanataka nini?"

Nikamweleza. Nilieleza kwa lugha nzuri, kama nilivyoagizwa: kwamba ni kufunga kwa muda tu, kwamba mgeni rasmi amekaribia, kwamba baada ya hotuba malango yatafunguliwa kwa Toleo la Shirika. Nilikuwa nasikia sauti yangu mwenyewe ikiendelea, tamu, na nilitamani inyamaze.

"Mlezi hufika saa aliyosema?" aliuliza.

"Hapana."

"Hotuba yake ni fupi?"

"Niliiandika mimi. Si fupi."

"Na akimaliza, hiyo kompyuta itafungua?"

Wote watatu tulijua jibu.

Bi. Kidawa akageuka. Nilidhani atanilaani, na ningeona ni haki yangu. "Mwanangu Zakayo," alisema, "wakati nyumba yangu inaanguka nyinyi mlikuwa mnafanya nini huko? Nataka kujua tu. Nisije nikasema uongo nikiulizwa na watu."

Ningeweza kusema mambo mengi. Nikasema, "Tulikuwa tunapiga kura, mama. Kama Mlezi avae miwani kwenye picha."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya chumvi. "Haya. Mkaamua vipi?"

Hapo ndipo niliposhindwa. Nililia pale juu ya bwawa, mtu mzima na tai yangu, kwa aibu na kwa hasira. Sabela hakunibembeleza. Alisogea kidogo, akanipisha nafasi juu ya hendeli, nikakaa. Chuma kilikuwa baridi. Tulikaa hivyo, bega kwa bega, na kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze goti langu lilitulia.

Ving'ora vilipoanza kusikika mbali, nilisimama nikajifuta uso. "Msiinuke," niliwaambia. "Mimi nashuka kuwaambia uongo."

"Uwe mzuri," alisema Sabela. "Hiyo ndiyo kazi uliyosomea."

*

"Mheshimiwa," nilimwambia Waziri, "wamegoma kufunga. Lakini kuna jambo tumelisahau, na nashangaa hakuna aliyetukumbusha. Bwana harusi huonyeshwa bibi harusi kabla hajamfunua?"

"La hasha."

"Basi kwa itifaki Mlezi hapaswi kuyaona maji kabla hajayafungua. Panahitajika pazia."

Ndugu zangu, katika nchi yetu ukitaka kitu kisifanyike sema kina faida, na ukitaka kifanyike sema ni itifaki. Vitambaa vyote vilivuliwa vitini, vikaunganishwa kwa pini, vikatundikwa mbele ya malango. Bendi iliamriwa ipige bila kupumua mpaka amri nyingine. Mlezi alifika amechelewa kama ilivyo hadhi yake, akatembea katikati ya tarumbeta, akauliza mbona kuna umande, akajibiwa ni baraka.

Alisoma hotuba yangu yote. Kisha akaletewa kompyuta juu ya mto wa hariri. Akainua kidole, akabonyeza. Pazia likaanguka, na maji yakaonekana yanamwagika kwa nguvu zote, yakanyunyizia safu ya mabalozi. Watu walipiga kelele. Mlezi alirudi nyuma hatua moja, akakitazama kidole chake, akakitazama tena, na nadhani aliamini kwa dhati.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, hivyo nilikiona kioo cha kompyuta. Kilikuwa kimeandika: "Tafadhali subiri. Tunaandaa toleo lako." Naambiwa mpaka leo kinaandika hivyo hivyo. Meneja hakizimi, kwa kuwa Mlezi ndiye aliyekiwasha.

Waziri Mtolera alipewa nishani ya maji. Profesa alipewa ubalozi, katika nchi isiyo na mvua, kwa ombi lake. Bi. Kidawa alipewa pole, na picha ya Mlezi ameshika miwani mkononi, ili atundike ukutani. Aliipokea kwa mikono miwili akauliza, ukuta upi? Sasa anaishi chumba cha mbele cha nyumba yetu, na nyumba yetu ina mstari wa tope ukutani, sentimita chache tu chini ya kitanda cha Tulizo. Sabela amekataa nisipake rangi.

Makumbusho nayo yalidai hendeli yao irudishwe, na ikarudishwa kwa sherehe ndogo. Iko pale, juu ya kitambaa kipya, nyuma ya kioo kinene, na sasa mlango una kufuli mbili na askari. Nendeni mkaitazame. Mtunza makumbusho atawaeleza historia yake tangu chuma kilipochimbwa, na hatawaambia, kwa kuwa hajui, kwamba ni mkono wa mashine ya kupukuchulia mahindi ya marehemu baba mkwe wangu.

Ile nyingine ilipopotelea hatujui. Serikali ikituuliza tutasema hivyo, sote watatu, na Tulizo tumemfundisha. Mvua ikianza kunyesha watu wa Magugu huinua macho kutazama mawingu. Mke wangu huinama kwanza akatazama chini ya kitanda, ndipo analala.